Mkunazi wa Bi Salma

Nateete, Kampala
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu mpendwa Wakesho,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote, uzigawe mezani kila mtu apate tonge lake, na la Mama liwe kubwa. Magoti yake yanasemaje na baridi ya Wundanyi msimu huu? Na wewe kifua chako? Wanao nilizisikia sauti zao kwenye simu, nikamtambua mmoja tu. Wengine wameota sauti za kiume bila hata kuniaga. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naamka, naenda kazini. Ukiniuliza zaidi ya hapo nakosa la kusema, na ndiyo maana kila ukipiga simu najibu "niko sawa, niko sawa" mpaka salio lako linakwisha. Kwenye simu siwezi, dada. Kwenye karatasi naona naweza, na mama mmoja wa ushirika wetu wa Wakenya anakuja Voi harusini juma hili, ameahidi kukufikishia barua hii mkononi.

Ni mwezi wa nane sasa tangu tumzike Mwadime. Najua nilivyoondoka kabla udongo wa kaburi la mume wangu haujakauka watu walisema, na mashemeji wakanyamaza kwa namna ya watu wanaosema. Sikukimbia. Niliambiwa siku za ruhusa zimekwisha, nikaondoka. Ningeambiwa nikae, ningekaa. Umewahi kukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Unauona ni wako, una kiatu chako, lakini ukiugusa ni kama unagusa mguu wa jirani. Ndivyo nilivyo tangu ile saa sita mchana waliponiambia ameanguka kazini na hakuamka. Silalamiki. Ganzi haiumi, hiyo ndiyo sifa yake moja.

Kazi yangu ni ile ile, stoo ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Nateete. Natoa misumari, napokea saruji, naandika daftari. Mwenye duka ni mtu mwema, hana maneno mengi. Jumamosi tunafunga saa saba mchana, na hapo ndipo taabu ilipokuwa inaanzia, maana Jumamosi ndiyo siku Mwadime alikuwa anapika yeye. Wali wake ulikuwa na kiini katikati, tukaula hivyo hivyo miaka sita. Huzuni sikuwa nayo. Nilikuwa tu sijui pa kuweka mikono saa zile.

Basi siku moja akaja dukani mwanamke anaitwa Nakato, mwalimu wa sekondari, anakaa Kyambogo, upande wa pili kabisa wa mji. Alitaka tepu ndefu ya kupimia. Nilipokuwa namwandikia risiti akautazama mwandiko wangu kama mtu anavyotazama nguo nzuri iliyovaliwa na mwenzake. "Nnyabo," akaniambia, ndivyo wanavyomwita mama huku, "wewe unaandika vizuri. Sisi tuko na kazi. Tunaandika miti."

Nikamuuliza miti inaandikwaje.

"Ile watu wanapenda. Si msitu, hapana. Mti moja moja. Ile mtu akisema 'mti yangu', roho inacheka."

Ndiyo kazi yenyewe, usicheke. Ni kikundi cha watu wa kujitolea kama kumi hivi, wanaopita mitaani wakiuliza kila nyumba ina mti gani inaoupenda. Wanaupima unene kwa tepu usawa wa kifua, wanajaza fomu katika kitabu chao: jina la mti, nani aliupanda, nani anaupenda. Swali la mwisho ndilo gumu: mti huu ukiondoka, mtakosa nini? Baada ya wiki mbili wanarudi na ngoma moja na kreti la soda, wanaufunga mti utepe wa kitambaa cha gome, kile Waganda wanachokiponda kwa nyundo mpaka kiwe laini, wanasoma kwa sauti yale yaliyoandikwa, watu wa mtaa wanapiga makofi, basi. Mimi nikawa mwandishi. Baadaye nikapewa pia kuchora mstari mdogo mweupe pale tepu ilipopita, na namba ya mti pembeni, ili mwakani wapime pale pale wajue umenenepa kiasi gani.

Sikujiunga kwa kupenda miti. Nilijiunga kwa sababu mikono ilipata pa kukaa. Kule Kasubi tumeandika mutuba, huo mti wa gome lenyewe. Wakishaubandua wanaufunga majani ya mgomba mwili mzima mpaka upone, kama mtu aliyeungua. Tumeandika mparachichi wa bwana mmoja ambaye, nilivyomwelewa mimi, hakuupenda hata kidogo, alitaka tu jirani aone kwa maandishi kuwa ni wake. Tumeandika mfenesi ambao siku ya sherehe mwenyewe aliufunga leso kiunoni na kuupaka poda. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka, meno yalitoka. Ndani hapakuwa na kitu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Nyuma ya soko la Nateete kuna ukoo wa Waislamu ambao mababu zao walikuja na misafara ya pwani zamani, wakabaki. Wana duka la kanzu na miswala, wana madrasa uani, na wanasema Kiswahili ambacho siku ya kwanza kukisikia nilidhani niko stesheni ya Voi. Bi Salma ndiye mkubwa wa nyumba ile upande wa wanawake. Ana kama miaka sitini na tano, mfupi, mkali, hawezi kusema sentensi mbili bila kufunga ushungi wake upya. Kazi yake, ukiacha duka, ni kuosha maiti za wanawake. Mwanamke wa Kiislamu akifa mtaa ule, anaitwa yeye. Na mti wake ni mkunazi.

Mikunazi huku hutaiona, dada, huku ni nchi ya mvua na migomba. Baba yake Bi Salma aliuotesha kwa kokwa alizoletewa kutoka Tanga, akauzungushia miiba usiliwe na mbuzi, akaumwagilia kwa ndoo mpaka ukasimama. Ulikuwa kwenye pembe ya ua, nusu ndani, nusu umeegemea juu ya ukuta kuelekea barabara ya vumbi. Majani yake ukiyaponda kwenye maji yanatoa povu, na kwa maji hayo wanaosha maiti, kisha wanamalizia na kafuri. Tangu Bi Salma ni msichana, hakuna mtu wa mtaa ule aliyezikwa bila kuoshwa kwa majani ya mti ule. Hata watu wa mbali walikuwa wanatuma mfuko. Nilipofika swali la mwisho, mti huu ukiondoka mtakosa nini, alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Tutawaosha watu wetu kwa sabuni," akasema. "Kama vyombo."

Yeye mwenyewe ndiye aliyemwita Nakato, na alikuwa na sababu. Kuna maneno ya siku nyingi kwamba ile barabara itapanuliwa. Mbele kidogo, karibu na stendi, nyumba zilichorwa alama ya X nyekundu na namba, na siku ya kubomolewa watu hawakupata hata muda wa kutoa vitanda. Bi Salma alitaka mti wake uwe kitabuni kabla zamu yake haijafika. "Karatasi husikilizana na karatasi," aliniambia. "Mimi nikisimama mbele ya tingatinga ni kizee tu. Lakini mti ulioandikwa, huenda wakauliza kwanza." Nakato hakuahidi kitu, alisema tu, "Tutajaribu, bambi," yaani maskini we kwa Kiganda. Bi Salma akalishika lile "tutajaribu" kama mtoto anavyoshika pindo la kanga ya mamake.

Tulipomaliza kuandika, wenzangu wakabaki uani wanakula mkate wa sinia, mimi nikatoka nje na tepu na rangi. Upande wa ndani wa shina kulikuwa na kamba za kuanikia na matawi ya miiba yaliyoinama, kwa hiyo nikachora upande wa barabarani. Rangi nyeupe ilikuwa imekwisha kwenye ule mfenesi. Dukani kwetu kulikuwa na kopo la rangi ya mabati lililobonyea, mwenye duka alisema nichukue tu, nikachukua. Ilikuwa nyekundu. Nikachora mstari, na kwa kuwa shina lilikuwa na vifundo, ukaenda mshazari. Nikatazama tepu, nikaona nimepimia juu ya mzizi badala ya ardhini, mstari uko juu mno. Nikaufuta kama ninavyofuta kosa kwenye daftari la stoo: nikaukata kwa mstari mwingine, mshazari wa upande wa pili. Kisha nikachora ulio sahihi chini yake, na namba ya mti pembeni, thelathini na moja.

Umeshaona, wewe uliye Wundanyi. Mimi niliyeshika brashi sikuona. Nilifunga kopo, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikaingia ndani kula mkate wa sinia.

Bi Salma ana kaka yake, Haji Twalibu, ndiye mwenye hati ya kiwanja. Siku ile alikuwa Masaka kwa biashara. Alirudi Jumatatu, akakuta shina la mkunazi lina X nyekundu na namba. Hakuuliza mtu. Nani Kampala anauliza X maana yake nini? Alifikiri hivi, na amenieleza mwenyewe: watu wa barabara wakija na tingatinga watang'oa mti na ukuta kwa pamoja, na gogo wataondoka nalo. Bora aukate mwenyewe, polepole, kwa adabu, aokoe ukuta. Jumanne asubuhi akaleta watu wa msumeno, akawaambia wachimbe na mizizi yote kisibaki kitu cha kung'olewa. Bi Salma hakuwepo. Alikuwa ameitwa Kasubi kumwosha mama mmoja, ameondoka na mfuko wa majani aliyoyachuma alfajiri. Aliporudi adhuhuri alikuta uani kuna mwanga mwingi.

Sisi hatukuwa na habari. Wiki mbili zilipotimia tukafika na ngoma na soda zetu, Nakato amebeba kitambaa cha gome begani. Tukakuta shimo limefukiwa na magogo matatu yamelazwa kando ya ukuta. Haji akatoka kutupokea, mtu mrefu, kanzu imepigwa pasi, Kiswahili chake, tofauti na cha dada yake, kimeharibiwa na safari za biashara, anazungumza kwa sauti ya msibani.

"Watu wa balabala walipita nyuma yenu tu," akasema. "Nyinyi mlikuja Jumamosi, wao wakaweka alama. Mimi narudi, nakuta. Banange, ningefanya nini? Hii mti baba alipanda, mimi ndiye nilikuwa nashika ndoo ya maji. Nikasema bora ianguke kwa mkono yangu."

Gogo la mwisho lilikuwa limelala na X yangu juu. Niliutambua mwandiko wangu hata katika rangi, ile tatu yangu yenye tumbo uliyokuwa unanicheka tangu darasa la pili. Nakato akazunguka magogo akitafuta mstari wetu mweupe. "Labda iko chini, kwa ile upande inalala," akasema. Nikasema labda. Hilo ndilo neno pekee nililotoa siku ile. Ngoma haikupigwa. Soda tulikunywa kwa sababu Haji alizifungua mwenyewe, akasema mgeni haondoki mkavu. Bi Salma hakutoka chumbani.

Nikarudi nyumbani, nikafua, nikaanika, nikalala usingizi mzuri. Nakuambia hili ili ujue nimekuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nimeangusha mti uliowaosha watu wa mtaa mzima miaka yote hiyo, na nilikuwa nimemkosesha kizee kitu kimoja alichotuomba, na nikalala. Juma zima nilijiambia nitakwenda kusema. Juma zima nikapika chai, nikaenda kazini, nikarudi. Hata woga sikuwa nao, na mtu asiye na woga wala aibu, dada, ni nini kinachomsukuma miguu?

Kilichonisukuma mwishowe ni kitu kidogo tu. Alikuja dukani mwanamke wa Kiislamu wa mtaa wa pili, amefiwa na mkwewe, akauliza kama tunauza sabuni ya maji isiyo na harufu. Nikamwambia hatuuzi. Akaondoka. Nikasimama pale na daftari langu, nikajua nimemwelewa.

Jumapili iliyofuata, sasa ni majuma kadhaa, nikaenda baada ya kanisa. Nilimkuta Bi Salma uani, ametandaza mikeka ukuta hadi ukuta, na juu yake majani ya mkunazi yote ya mti ule, yamekauka, kinu kiko katikati. Siku ile ya msumeno, wakati watu wanafunga magogo kamba, yeye alikuwa anapukuta matawi, bado amevaa nguo za kuoshea. Ukiyatwanga yakawa unga na ukayahifadhi pakavu, yanakaa miaka. Hakuniuliza nimefuata nini. Alinisogezea mchi wa pili, tukatwanga kwa kupokezana, kama wewe na mimi tulivyokuwa tunatwanga mahindi kwa Mama. Unga alikuwa akiuweka katika makopo ya maziwa, kopo moja maiti moja. Moja alikuwa ameliweka peke yake juu ya rafu. Nikamuuliza la nani.

"Langu," akasema, na mchi haukusimama.

Nikamwambia pale pale. "Bi Salma, ile alama niliiweka mimi. Hakuna mtu wa barabara aliyekuja."

Sasa mchi wake ukasimama. Akafunga ushungi upya, polepole, ncha hii na ncha hii.

"Hukujua X nyekundu ni nini?"

"Nilijua. Hata kwetu ni hivyo hivyo."

"Basi ilikuwaje?"

"Sikuwepo, Bi Salma. Ulikuwepo mkono tu."

Nikamweleza habari za Mwadime, si kwa kujitetea, ila ndizo zilizofuata mdomoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atasema pole, maana kila mtu husema pole, na mimi nina jibu lake tayari. Akauliza, "Nani alimwosha?"

Sikuwa na jibu lake, dada. Hospitali walimpeleka mochwari, mochwari wakamtoa amevaa suti, nikamwona uso kupitia kioo cha sanduku, tukasafiri naye mpaka nyumbani. Miaka sita nimemfulia mashati na kumkanda mgongo, na sijui mikono ya nani ilimgusa mwisho. Wala sikuwahi kuuliza. "Uliza," akaniambia Bi Salma. "Watu hufikiri hilo ni jambo la sisi waoshaji. Ni lako wewe."

Kwa hiyo nakutuma, Wakesho. Shemeji Mnjala, alipokuja huku kutuchukua, ndiye aliyeipeleka ile suti mochwari. Mwendee kwa utaratibu, usimshtue, umuulize kama alimwona aliyemwosha, na kama alikuwa mtu mpole. Usinipigie simu kuniambia. Niandikie.

Kuhusu mti hakunisamehe upesi, na namshukuru kwa hilo, nilikuwa nimechoka na watu wapole. "Sitakwambia si kitu," akasema. "Ni kitu kikubwa. Nitakukasirikia siku nyingi, na wewe utakuja hivyo hivyo kila Jumapili kutwanga mpaka haya majani yaishe." Nikaitikia. Nikamwambia sasa hivi nainuka nikamwambie Haji. Akanishika kanga.

"Haji asijue."

Nikamuuliza kwa nini, ilhali Haji ndiye aliyeukata.

"Ndiyo sababu," akasema. "Kaka yangu amekata mti wa baba yake kwa ajili ya serikali. Hilo ataweza kulibeba, hapa kila mtu ana alichobebeshwa na serikali. Ukimwambia aliukata bure, kwa kosa la mwanamke aliyekuwa ameduwaa, ataketi chini na hatainuka. Ana presha, moyo wake si mzima. Mwache na barabara yake."

Nimempa neno langu. Nakato nilimwambia, kwa ruhusa ya Bi Salma. Akasema, "Kuanzia leo ni chaki," na brashi akaichukua yeye. Fomu ya thelathini na moja hakuitoa kitabuni. Aliniachia niandike chini yake kilichoupata mti, na niliandika yote, na jina langu. Kitabu kinakaa kwake Kyambogo, Haji hana safari ya huko. Jumamosi bado nakwenda nao. Kikundi hakikunifukuza na mimi sikuwa na pengine pa kwenda.

Hizo ndizo habari. Msalimie Mama, na umwambie sweta aliyonifumia naivaa asubuhi za mvua, mikono mirefu kidogo lakini inakunjika. Msalimie baba mdogo, mzee wa kanisa, namshukuru kwa maombi yake marefu hata kama nilisinzia katikati. Msalimie shemeji Mnjala baada ya kumuuliza lile, si kabla. Jirani yetu anayenilishia mbuzi, mwambie akiona wamezidi mdomo auze mmoja. Wanao wabusu, hata hao wenye sauti nzito.

Jumatatu

Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua tena. Yule mama wa ushirika anaondoka kesho.

Haji Twalibu amekuja dukani asubuhi hii kununua saruji. Anavunja ukuta wa uani kwake, anaujenga upya hatua tatu ndani, ili barabara ikija isimguse. Chumba cha madrasa kitapungua, anasema, watoto watabanana. Mwenye duka alikuwa na wateja wengine, ikabidi nimhudumie mimi. Nilitaka kumwambia asubiri, asiharakishe, mambo ya barabara hayana haraka. Nikamwambia hivyo. Akacheka kidogo. "Nnyabo, hawa wakishaweka alama wameweka."

Kisha akaniuliza kama kweli tuliandika jina la baba yake kitabuni. Nikamwambia tuliandika, lote, na la babu. Akaniomba nimtajie kama lilivyoandikwa. Nikamtajia. Alisikiliza amefumba macho, mkono mmoja juu ya mfuko wa saruji.

"Unaona," akasema. "Kama nyinyi hamkukuja ile Jumamosi, mti ya baba ingeenda hivi hivi, hakuna mahali ingebaki. Mungu akulipe. Akulipe sana."

Nikasema amina. Nikamfungulia stoo, nikaanza kumhesabia mifuko, na nilipofika wa nne au wa tano iliniuma, dada. Iliniuma hasa, chini ya mbavu, mpaka nikashika mlango. Haji akaweka chini mfuko aliokuwa ameubeba, akaniuliza kama naumia mahali. Nikamwambia ndiyo.

Mdogo wako,
Mkawasi